Pa kupiga mbizi Unguja na Pemba: tazama upepo, hesabu maji, kisha chagua mwamba

Muulize nahodha yeyote wa Nungwi au Matemwe ni wapi pazuri pa kupiga mbizi. Kabla hajakujibu atatazama upepo unatokea wapi, kisha atauliza leo mwezi ngapi. Mwamba uleule uliomfurahisha mgeni Jumatatu unaweza kumtapisha Ijumaa, maji yamekuwa meupe kama tui na mkondo unamvuta asikotaka. Ndiyo maana mwongozo huu haupangi maeneo kwa sifa. Unaanza na upepo, unapita kwenye maji kujaa na kupwa, unakuja kwako wewe na cheti chako, ndipo unafika kwenye miamba yenyewe.

Hatua ya kwanza: upepo

Kaskazi huanza kuvuma Desemba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Machi. Bahari inakuwa ya moto, nyuzi 28 au 29, na upande wa kaskazini na mashariki wa visiwa ndio unaopigwa. Kaskazi ikikaza, hasa Januari, boti za Nungwi zinaruka mpaka abiria anasahau alikotoka. Ikianza kulegea Februari na Machi, bahari inalala na maji yanakuwa safi sana.

Masika yanaingia kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Mvua inashusha tope, vituo vingi vya mbizi vinafunga kufanya matengenezo, na hata vilivyo wazi havikuahidi kitu. Kama safari yako ni ya kupiga mbizi tu, usiipange Aprili.

Kusi ni Juni hadi Septemba. Upepo unatoka kusini mashariki, una nguvu, na maji yanashuka hadi nyuzi 24 au 25 mwezi wa Agosti. Mzungu aliyezoea bahari ya Norway, ambako watu hushuka na suti kavu isiyoingiza tone, atakucheka ukimwambia unaona baridi. Mwache acheke. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa, na kwenye mbizi ya pili ya siku, ukiwa na suti nyembamba ya kukodi iliyochanika kwapani, meno yatagongana. Kaskazi suti ya milimita 3 inatosha kabisa. Kusi omba ya milimita 5, na uijaribu nchi kavu kwanza. Suti inayopwaya haizuii baridi, inapitisha maji mapya kila unapogeuka.

Kusi ina neema yake. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita kwenye maji yetu, na mara nyingine ukiwa chini unasikia sauti zao ingawa huwaoni.

Halafu kuna matlai, kile kipindi cha Oktoba na Novemba ambapo kusi imechoka na kaskazi haijaingia. Mvua za vuli huja na kwenda bila kuharibu siku nzima. Ukiniachia mimi nikuchagulie mwezi mmoja wa mwaka, nitakuchagulia Oktoba.

Kanuni ya kubeba kichwani ni fupi: kusi ikivuma, jifiche upande wa magharibi; kaskazi ikivuma kwa nguvu, usikazanie Nungwi wala pwani ya mashariki.

Hatua ya pili: maji

Bamvua na maji mafu ndiyo ratiba halisi ya bahari hii. Mwezi unapoandama na unapofika kumi na nne, kumi na tano, maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji mengi kiasi hicho yakihama kwa saa sita, kila mlango kati ya visiwa unageuka mto. Mwezi saba, nane, na tena ishirini na moja, ishirini na mbili, maji ni mafu na mikondo inatulia.

Wakati wa bamvua maji ya Unguja hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Hesabu hii itakuokoa Matemwe, Kiwengwa, Paje na Jambiani, ambako saa nne ya siku ya bamvua boti imekaa juu ya mchanga na kina mama wanatembea kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Huko unaondoka mapema au unasubiri maji yarudi. Ukiambiwa utatembea na vifaa hadi boti ilipo, ujue ni kweli, na uvae viatu. Na usikanyage kamba za mwani. Ule ni mshahara wa mtu.

Muda mzuri wa kushuka kwenye sehemu yenye mkondo ni maji yanapokuwa yamejaa na yamesimama, kabla hayajaanza kutoka. Maji ya kujaa yanatoka bahari kuu na ni safi. Ya kupwa yanabeba mchanga na taka za ndani.

Zaidi ya hapo kuna mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini mwaka mzima na kuongezeka nguvu wakati wa kusi. Huo haujali mwezi wala saa, na ndio unaofanya sehemu kama Leven, kilima cha chini ya bahari kaskazini mwa Nungwi, kuwa za watu wazoefu.

Hatua ya tatu: wewe mwenyewe

Asiye na cheti anaweza kushushwa na mwalimu kwa jaribio la siku moja, lisilozidi mita 12. Cheti cha kwanza kinakufikisha mita 18. Cha pili, mita 30. Mwisho wa mbizi ya starehe ni mita 40, na kusema kweli miamba mingi mizuri ya Unguja iko kwenye kina kisichozidi mita 20, kwa hiyo hamu ya kina kirefu hapa ni hasara ya hewa.

Sababu ya mipaka hiyo ni uzito wa maji. Juu ya bahari mwili unabeba shinikizo moja la hewa. Mita 10 chini yanakuwa mawili, mita 20 matatu, mita 30 manne. Hewa unayovuta inabanwa vivyo hivyo, ndiyo maana mtungi unaokutosha saa nzima kwenye mita 8 unaisha upesi mno kwenye mita 30. Naitrojeni nayo inaingia mwilini kwa wingi zaidi, na ukipanda haraka inatoka kwenye damu kwa mapovu. Wavuvi wa majongoo bahari wanaotumia mitungi bila mafunzo wanaujua ugonjwa huu kwa miili yao: maumivu ya viungo, ganzi, miguu inayokataa kusimama. Wapo wanaosema ni shetani wa bahari amempanda mtu. Mganga wa ugonjwa huu ni oksijeni na chemba ya shinikizo, na kila saa inayopotea inahesabika.

Mwenye mafua asishuke. Masikio yatagoma ndani ya mita za mwanzo, na hapo ndipo shinikizo hubadilika kwa kasi kuliko kwingine kokote. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa au mimba, aanze kwa daktari.

Jambo jingine ambalo vitabu vya wageni havisemi: Ramadhani. Mwili uliopungukiwa maji unakuwa rahisi kupata ugonjwa wa mapovu. Mbizi za kufundisha, za kina kirefu au za mkondo ziahirishe mpaka Shawwal, au uulize kama kituo kinashuka usiku baada ya futari. Kama funga inabatilika kwa maji yanayoingia mdomoni kwenye kidhibiti hewa, kile kifaa cha kupumulia, hilo muulize shekhe wako, si mimi.

Hatua ya nne: mahali

*Mbele ya Mji Mkongwe.* Hapa ndipo ningemwanzisha mtu yeyote, na hapa ndipo ningekimbilia kusi ikichafua kila kwingine. Pange ni fungu la mchanga lenye mwamba mteremko unaofika kama mita 14, maji yake yametulia, mwalimu anaweza kumpigisha mwanafunzi magoti kwenye mchanga bila kuvunja tumbawe hata moja. Murogo inashuka zaidi na ina matumbawe mengi, mapango madogo, chewa na kasa. Bawe na Nyange ni kwa siku ambazo umeshazichoka hizo mbili. Maji ya upande huu hayang'ai kama ya Mnemba. Kuona mita 10 hadi 15 ni kawaida. Lakini viumbe vidogo, wale konokono wa bahari wasio na ganda wenye rangi za kitenge, utawapata hapa zaidi.

Kwa mpenda meli zilizozama kuna Great Northern, meli ya Kiingereza ya kutandika nyaya za simu chini ya bahari, iliyopasuka mwambani mwaka 1902. Iko kwenye kama mita 12, kwa hiyo hata mwenye cheti cha kwanza anaifikia. Usitegemee meli nzima. Ni mbavu za chuma zilizoota matumbawe, na mikunga wamejigawia vyumba. Bandarini kwenyewe historia ni nzito zaidi: meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na meli ya kivita ya Kiingereza Pegasus ilipigwa na Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Lakini hapo ni njia ya meli na boti za mwendo kasi. Soma habari zake ukiwa umekaa Forodhani.

Chumbe iko karibu na wengi huiomba. Ni hifadhi ya bahari tangu 1994, yenye mnara wa taa wa 1904, na wageni hawaruhusiwi kushuka na mitungi. Unaogelea juu na miwani na bomba tu. Matumbawe yako karibu sana na uso wa maji, kwa hiyo mtungi usingekuongezea kitu.

*Nungwi na Kendwa.* Hunga ni mwamba wa kila siku, mita 10 hadi 20, una kasa, taa wa madoa ya buluu na pono wanaotafuna matumbawe mpaka unawasikia. Upande wa Tumbatu kuna Mwana wa Mwana, kisiwa kidogo chenye maji ya chini yanayofaa wanaoanza. Kusi maeneo haya yana kinga, kaskazi hayana.

Leven ni habari nyingine. Ni kilima cha chini ya bahari kaskazini mwa Nungwi, kilele chake kiko kwenye kama mita 14, na pande zote kunashuka gizani. Mkondo unakigonga na kuleta kolekole, mzia na jodari kwa makundi. Unashuka haraka bila kuelea juu, unashikana na kiongozi wako, na unapanda katikati ya maji matupu bila kamba ya kushika. Mwenye mbizi chache asishawishiwe na picha za samaki wakubwa. Mimi kituo kinachompeleka Leven mtu aliyepata cheti wiki hiyo nakihesabu kimekosa adabu, hata kiwe na boti mpya namna gani.

*Mnemba.* Mashariki, mkabala na Matemwe, ni kisiwa kidogo kilichozungukwa na mwamba mkubwa wa mviringo, eneo la hifadhi tangu 2002. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli ya binafsi na huruhusiwi kupanda ufukweni, lakini maji yanayokizunguka unayalipia ada ya hifadhi na kushuka. Sehemu iitwayo Kichwani ni ukuta unaoteremka, unaupita ukibebwa na mkondo taratibu, samaki wamejaa juu yako na chini yako. Wattabomi ni tulivu na haina kina kirefu, na ningeichagua kuliko Kichwani kwa mbizi ya pili au kwa mtu anayebeba kamera. Ule ukuta mkubwa wa upande wa nje ni kwa siku shwari na watu wenye cheti cha pili.

Ubaya wa Mnemba ni umaarufu wake. Saa nne asubuhi ya msimu boti zimejaa, pomboo wanakimbizwa huku na huku na watu wanarukia vichwani mwao. Dawa yake ni kutoka Matemwe kabla ya saa mbili asubuhi, maji yakiruhusu, au kwenda alasiri wenzako wanaporudi. Nahodha akianza kufukuza pomboo, mwambie kwa upole: "Nahodha, tuwaache wapite." Wengi huacha. Hufanya vile kwa sababu wanadhani ndicho mgeni anachokilipia.

*Pemba.* Unguja imekaa kwenye maji ya kina kifupi. Mlango kati yake na bara sehemu kubwa hauzidi mita 50. Pemba imetengwa na bara kwa bonde ambalo kina chake kinafika karibu mita 800. Ndiyo tofauti yote. Magharibi ya Pemba unatoka kwenye matumbawe ya mita 5 na ghafla hakuna chini, ni ukuta unaoingia kwenye buluu nzito, na siku njema unaona mita 30 na zaidi.

Misali ndiyo ningeitanguliza. Iko magharibi ya Chake Chake, ilitangazwa hifadhi mwaka 1998, na tangu 2005 imo ndani ya hifadhi ya mkondo wa Pemba. Wazee wanakisimulia kisiwa hiki pamoja na Nabii Khidhr kusali hapo, wageni wanakisimulia pamoja na hazina ya maharamia. Mimi nakwambia habari ya matumbawe yake, ambayo joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha na kuua mengi, na ambayo sehemu kubwa yameota tena. Tazama vizuri na utaona matawi machanga juu ya mifupa ya zamani. Kuna miteremko laini ya kuanzia na kuna kuta za wazoefu, zote ndani ya mwendo mfupi wa boti.

Kaskazini zaidi, kwenye milango ya Fundo, Uvinje na Njao, maji yanaingia na kutoka kati ya visiwa kwa nguvu. Ukishuka maji yanapoingia, mkondo unakupitisha pembeni ya kuta zenye matumbawe laini ya zambarau na matumbawe yenye umbo la upepeo, makubwa kuliko mlango wa nyumba. Ukikosea saa, mlango huohuo unakutema nje kwenye bahari kuu. Hapa ndipo hesabu ya hatua ya pili inapolipa. Panga siku za maji mafu, chukua kiongozi wa Kipemba aliyekulia hapohapo, na ubebe boya la kujionesha na filimbi. Ukaidi wa kwenda Njao siku ya bamvua hauna shujaa.

Mashariki ya Pemba nyumba za wageni ni chache, bahari ni ya wazi, na papa huonekana. Sitaipendekeza kwa mtu ninayemtaka arudi mzima, labda awe na uzoefu na boti ya uhakika, tena kusi na kaskazi zote zimelala.

Hatua ya tano: kituo cha kukupeleka

Bei ni swali la mwisho. Fika jioni ya kabla, waambie unataka kuona oksijeni ya dharura, uone chupa yenyewe na geji yake, si picha ukutani. Uliza chemba ya shinikizo ya kazi iliyo karibu ni ipi na mgonjwa hufikishwa vipi. Anayejua kazi atakujibu bila kumwita bosi. Uliza boti ina redio na injini mbili, na kiongozi mmoja anachukua watu wangapi. Wanne ni sawa. Wanane ni mkutano.

Nusa hewa ya mtungi. Ikinuka mafuta au moshi, kompresa yao imevuta moshi wa injini. Rudisha mtungi na usibembelezwe. Cheti chako wakikuuliza na kukagua lini ulishuka mara ya mwisho, furahi. Kituo kisichouliza ndicho cha kuogopa.

Kama wewe ni mkaazi, sema mapema. Vituo vingi vina bei ya wakaazi ila havibandiki.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Kula chepesi, mkate na chai vinatosha. Urojo uache kwa jioni. Kunywa maji mengi tangu usiku. Boti ikiondoka, jua la mgongoni linaunguza kuliko unavyodhani.

Kwenye maji, zibua masikio mapema, kila mita, kabla hayajauma. Ukipata maumivu panda kidogo, jaribu tena, usilazimishe. Usizuie pumzi hata mara moja. Ukipanda na pumzi imebanwa, hewa inatanuka kifuani na kupasua mapafu. Anza na mtungi wa baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa kwenye geji), geuka hewa ikifika kiasi mlichoafikiana, na fika juu ukiwa na baa 50 zimebaki. Panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, na kaa mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka.

Usishike kitu. Kuna samaki anayekaa chini ya bahari akifanana na jiwe la mwamba, miiba yake ina sumu kali, na mkono unaojishikiza ndio anaoukuta. Kombe na simbi viache vilipo. Ukimwona pweza kwenye eneo lililofungwa na wanakijiji kwa miezi kadhaa ili akue, umefurahi, basi. Siku ya kufungua watakwenda wenyewe.

Hatua ya saba: kurudi

Baada ya mbizi moja subiri saa 12 kabla ya kupanda ndege. Baada ya mbizi kadhaa au siku kadhaa, saa 18, na wenye hekima wanasubiri siku nzima. Watu wanaikumbuka ndege ya kurudi Ulaya na kuisahau ile ndogo ya Pemba kwenda Unguja. Ni safari ya nusu saa, lakini inapanda juu vya kutosha kukuletea matatizo ukiwa umetoka Misali asubuhi. Ukiwa na haraka, chukua meli ya Mkoani. Inaenda usawa wa bahari, na naitrojeni haina ugomvi nayo. Ukianza kuhisi ganzi, kizunguzungu au maumivu ya bega yasiyo na sababu, hata kama ni usiku na hata kama unaona aibu, mpigie kiongozi wako, vuta oksijeni, na uende hospitali ukiwa umelala chali.